Mjane wa Kasekese

Mzee Mabula aliingia kwenye kibanda cha kushonea bila kupiga hodi, akaketi kwenye benchi la wateja, akalaza fimbo yake magotini, kisha akamtazama Emelyne kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani huku ameshaamua kuwa hamnunui.

Emelyne alimtambua papo hapo, ingawa hawakuwahi kuonana. Ulikuwa uso wa Malale wake, umeongezwa miaka na jua, na kuondolewa ule ulaini wa macho uliomkosesha yeye usingizi tangu masika ya mwaka jana. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. 

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Emelyne, binti wa wale Warundi wa Katumba."

"Ndiye mimi, baba."

"Usiniite baba. Hatujafika huko, na leo nimekuja ili tusifike."

Emelyne akainamisha kichwa. Kila mtu pale sokoni Kashaulili alijua jinsi mapenzi yao yalivyoanza, na wengi walikuwa bado wanacheka. Mchana mmoja wa mvua, wateja hamna, Emelyne alikuwa akiwasomea mama yake na majirani riwaya ya mapenzi iliyochanika jalada. Malale alikuwa ameleta suruali iliyoraruliwa na miiba, akasimama mlangoni kungoja mvua ikatike. Hadithi ikafika pale kijana aliyepofuka anapojifanya hamjui mchumba wake, ili binti wa watu awe huru kwenda kuolewa na mzima. Akina mama wakaguna. Mara ikasikika kwikwi mlangoni. Kugeuka, ni lile jitu refu la Kisukuma, fimbo mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni!

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka mama mmoja akamwaga karanga zake. Emelyne peke yake hakucheka. Mwanaume anayeweza kumlilia mtu ambaye hata duniani hayupo, aliwaza, atashindwaje kunihurumia mimi? Alipomrudishia suruali yake akampa na kitabu akamalizie nyumbani. Kikarudi, kikaondoka kingine. Kufikia mavuno, wote wawili walikuwa hawawezi tena kudanganya kwamba kinachopelekwa na kurudishwa ni vitabu tu.

"Nitasema kwa kifupi," mzee Mabula alisema. "Nina kijana aliyekuwa akilala zizini fisi wakizunguka, hata hageuki. Sasa ukimtuma machinjioni anarudi hawezi kula. Mbuzi akifa anakaa pembeni kimya. Watu wananiuliza, mzee, mwanao ana nini? Nawajibu nini? Kwamba kuna binti mjini anamsomesha kulia?"

"Mzee, Malale sikumfundisha mimi. Nilimkuta hivyo."

"Basi ulimkuta na jeraha ukalikuna."

 Sauti ya Emelyne ikatoka ndogo. "Alikuwa akifiwa, mzee. Kaka yake alikuwa mgonjwa kitandani. Ulitaka asilie?"

 Kwa mara ya kwanza mzee akatazama pembeni, kwenye magauni yaliyoning'inia ukutani.

"Gelasius," akasema taratibu. "Ndiyo. Tumemzika. Na ndicho kilichonileta. Malale amekwambia kwamba kaka yake ameacha mke?"

"Ameniambia ana shemeji yake, na watoto."

"Amekwambia ukoo umekaa, ukasema yeye ndiye amrithi huyo mjane?"

Nje pale mwuza ndizi alikuwa akigombana na mteja, redio ya jirani inaimba. Emelyne alisikia vyote hivyo waziwazi, lakini lile neno la mzee lilichukua muda kumfikia.

"Hapana," akasema. "Hajaniambia."

"Anakuja hapa kila juma, na hajakwambia."

Hasira ikampanda Emelyne. Akaishukuru, kwa maana ilimpa miguu ya kusimamia. Aliinuka. Katika riwaya zake, anapofika mahali kama hapa, msichana huinua kidevu na kusema maneno ambayo msomaji huyakumbuka miaka. Naye akainua kidevu.

"Mzee, nakuheshimu kama mzazi. Lakini Malale si shati la marehemu useme sasa avae fulani. Mimi nampenda na yeye ananipenda. Kama ni mimi unataka nimwachie, umepoteza nauli yako. Simwachii."

Mzee Mabula hakukasirika. Aligeuza shingo kuelekea mlangoni, akamwita kwa jina mtu aliyekuwa nje, "Sikujua! Ingia."

Mwanamke aliyeingia alikuwa amenyolewa nywele za msiba, nazo zilikuwa zimeanza kuota kidogo kidogo. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike aliyelala mdomo wazi, akimlowesha bega. Akapita akiwa ameinama, bila kumtazama baba mkwe wake usoni, akapiga goti, akasalimia.

Emelyne alikuwa tayari kumchukia. Vitabu vyote alivyosoma vilikuwa na huyu mwanamke wa pili, naye alimfahamu vizuri: mdomo mwekundu, ulimi mkali, kicheko cha kunyanyasa. Huyu alikuwa na visigino vilivyopasuka, na blauzi iliyofungwa kwa pini mahali pa kifungo.

"Baba," Sikujua alimwambia mkwewe, macho chini, "naomba niongee na dada huyu sisi wawili."

Mzee akawatazama, akashika fimbo yake, akatoka kusimama barazani.

 Emelyne akasema, kwa ukali aliokuwa ameubakiza, "Haya, sema. Wamekutuma uniombe mchumba wangu?"

"Wamenituma, dada. Lakini nilikuwa nataka kuja hata wasingenituma." Akapandisha mtoto mgongoni. "Nilitaka kukuona. Wewe nakujua siku nyingi."

"Unanijua wapi?"

"Kwa vitabu. Shemeji Malale alikuwa anamsomea mume wangu, kule kitandani. Gelasius hakuwa anapenda mambo hayo, mwanzoni alikuwa anamwambia, ondoa huo upuuzi wako. Halafu maumivu yakazidi. Ikawa jioni ikifika anauliza, yuko wapi yule mwenye kitabu? Mimi kusoma sijui. Nilikuwa nakaa nyuma ya ukuta nachambua mboga, nasikiliza. Wakilia na mimi nalia." Akatabasamu kidogo, kama anayeona haya. "Mume wangu, dada, alikuwa hajawahi kuniomba msamaha tangu anioe. Siku moja shemeji akiwa ameondoka, akaniita. Akasema, Sikujua, nisamehe kwa yote. Nikajua ni vile vitabu. Nikasema siku moja nitamshukuru mwenye navyo."

Emelyne akakaa. 

"Kile cha yule aliyepofuka," Sikujua akaendelea, "alikiazima tena mwishoni, hakikuisha. Walipofika pale msichana anarudi mara ya pili, Gelasius akafariki asubuhi yake. Shemeji hakukishika tena. Hivi, dada, yule msichana alimpata?"

"Alimpata," Emelyne akasema. "Alimgusa uso, akamwambia najua unanijua. Wakaoana."

"Ahsante Mungu," Sikujua akasema kwa moyo wake wote, kama aliyeletewa habari za ndugu.

Basi hapo ndipo Emelyne alipojua kwamba ameshindwa. Ile hasira aliyoitegemea ilikuwa imemtoka yote, na hakuwa na kitu kingine mkononi.

"Sikujua, wewe unampenda Malale?"

"Ni shemeji yangu! Nilimkuta anachunga ndama." Akatikisa kichwa. "Mimi mume nilikuwa naye, nimemzika. Sitaki mwingine. Lakini nikikataa, ukoo unasema nirudi kwetu nilivyokuja. Watoto wanabaki, ni wa ng'ombe zao za mahari. Huyu bado ananyonya, dada. Na Malale akikataa, anayefuata ni Makarius, mtoto wa baba mdogo." Akatafuta namna ya kusema. "Makarius akimpiga ng'ombe, watu wazima wanaondoka pale. Hawawezi kuangalia."

"Na mzee hawezi kusema hapana?"

"Mzee ndiye aliyewabembeleza wampe Malale. Wenyewe walitaka Makarius tangu mwanzo. Kwa ukali wake wote huo, dada, ndiye aliyenitetea."

Bodaboda ikafunga breki nje. Malale akaingia anahema, vumbi mpaka kwenye kope. Alimwona baba yake barazani, akamwona shemeji yake amepiga goti, akamwona Emelyne, akaelewa. Alisimama katikati ya kibanda kile kidogo, mikono inaning'inia kama si yake.

"Emelyne, nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Kila nikija. Nikikuangalia unavyofurahi, nashindwa. Nikasema wiki ijayo."

"Ulinihurumia."

"Ndiyo."

"Na yeye unamhurumia." Akamwonyesha Sikujua kwa macho.

 Machozi ya Malale yalikuwa yameshaanza, kama kawaida yake, bila aibu na bila kelele. Emelyne alizoea kuyapenda. Leo alitamani kumshika mabega amtikise.

Ndipo mama yake, Séverine, alipotokea mlango wa nyuma na beseni la mchicha. Alikuwa amesikia ya kutosha. Alitua beseni, akamwita mzee Mabula aingie, akamkaribisha kwa adabu zote, kisha akasimama kando ya mwanaye.

"Mzee mwenzangu," akasema, "mimi mwenyewe huyu kijana wenu sikumtaka. Sikufichi. Ng'ombe za watu wenu zimeshakula mihogo yangu. Nilikuja kumkubali kwa tabia yake. Sasa niambie, hakuna njia? Amlinde shemeji yake kama ndugu, awalee hao watoto, na huku amwoe binti yangu kanisani? Sisi tungesaidia. Mahindi si tunalima?"

"Nimeshasema hivyo mimi, mama," Malale akadakia. "Nimewaambia wazee nitawalea, nitajenga palepale, sitamgusa. Wamekataa."

"Ukoo hautaki mlinzi," mzee Mabula akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Wanasema mwanaume asiyelala nyumba hiyo si mwenye nyumba. Makarius ataingia tu. Mimi nikifa kesho, nani atamzuia? Nimewaza mama, usidhani sijawaza. Kama huyu binti anakubali kuwa mke wa pili, mimi leo hii nageuka, nakuja na wazee."

"Mke wa pili?" Séverine akashika kifua. "Nimembatiza mtoto, nikamlea kanisani, ili aje awe mke wa pili? Hapana, mzee. Hilo hapana. Hata ningetaka, padri wetu angenifungia mlango."

"Basi unaona," mzee akasema. "Na sisi tumefungiwa."

 Watu watano katika kibanda kimoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kama anayetafuta mwenye kosa, na mwenye kosa hayupo. Yule mtoto mgongoni akaamka. Akatazama nguo za rangi rangi zilizoning'inia, akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha njano, akacheka peke yake.

Malale akapiga hatua moja. "Emelyne. Niangalie."

Alimwangalia. Ilimgharimu.

"Sema neno moja. Ukisema nibaki, nabaki. Haki ya Mungu nabaki. Wanifukuze kwenye ukoo, wanilaani, nitabaki hapa hapa Mpanda nibebe hata magunia pale stesheni. Lakini niambie wewe. Mimi peke yangu siwezi. Kila nikilala namwona kaka, na kila nikiamka nakuona wewe."

Sikujua, pale chini, hakuinua uso. Hakuomba wala hakulia. Alimshika mtoto miguu kwa nyuma, mkono huu na huu, akaishikilia. Ingekuwa rahisi kama angeomba.

Emelyne alifumbua mdomo. Lile neno lilikuwa jepesi, silabi mbili tu, tena alikuwa na haki nalo. Akaona mchana wote wa maisha yake upande wa pili wa neno hilo: Malale amekaa kwenye benchi lile, anamsomea huku yeye anashona. Kisha akaona kitu kingine. Aliiona ile nyumba ya kwao Malale, Kasekese, na Makarius anaingia, na Sikujua nyuma ya ukuta anachambua mboga, hakuna tena mtu wa kusikiliza. Akamwona Malale akiamka usiku kando yake kwa miaka yote, akitazama dari.

"Malale," akasema, "laiti ungekuwa na roho mbaya. Kidogo tu. Ya kututosha sisi wawili."

"Ningekuwa nayo ungenipenda?"

Hakuweza kumdanganya. "Nisingekutazama mara mbili."

Malale akaweka viganja usoni. Mabega yake makubwa yakatikisika. Safari hii hakuna aliyecheka. Séverine aligeukia ukuta, akavuta ncha ya kitenge chake mpaka mdomoni.

Mzee Mabula ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alijikongoja mpaka mbele ya Emelyne.

"Nilikuja nimejiandaa kwa matusi," akasema. "Njia nzima nilikuwa napanga nitajibu nini. Hili sikujiandaa nalo." Akahamisha fimbo mkono huu kwenda huu. "Ungekuwa mkwe mzuri, mwanangu. Naondoka na hilo."

Akatoka. Sikujua akainuka, akamfuata, na alipopita karibu na Emelyne vidole vyao vikakutana, vikabanana kidogo, vikaachana. Malale alibaki wa mwisho. Alisimama mlangoni palepale aliposimama siku ile ya mvua. Alitazama kila kitu mle ndani, cherehani, pasi ya mkaa, benchi, kama anayeviaga kwa macho. Emelyne alikuwa amegeukia dirisha. Alijua akiuona uso ule mara moja tu zaidi, neno litamtoka lenyewe.

Alisikia hatua zikishuka barazani.

"Ihangane, mwana wanje," mama yake akamwambia kwa lugha ya nyumbani, vumilia mwanangu, akamkumbatia kwa nyuma. "Ungemwambia abaki, angebaki."

"Najua, mama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Sijui. Sijui, mama! Nilitaka kusema. Naapa nilitaka." Na mara akajitoa kwenye mikono ile. "Bado nataka!"

Alitoka mbio. Viatu aliviacha palepale. Alipita kwenye ndizi na dagaa na mafungu ya nyanya, akamkumba mtu hakumwomba radhi, kanga ikamporomoka begani akaishika mkononi akakimbia nayo. Atasema. Kwani yeye ni nani awe mtakatifu? Wengine wote duniani wanachukua chao. Atalisema mbele ya mzee na mbele ya mjane, Mungu atamsamehe, wasipomsamehe watu potelea mbali.

Gari la abiria, Noah ya kwenda Kasekese, lilikuwa limewashwa moto. Sikujua ameketi mbele, dirishani, mtoto amempakata. Mzee kando yake. Malale alikuwa ameshika mlango, mguu mmoja ndani, mmoja bado chini, na aliposikia jina lake akageuka.

Alipoiona sura ya Emelyne, uso wake ukawaka. Hakuna namna nyingine ya kusema. Aliondoa ule mguu wa ndani, akasimama kwa miguu yote miwili kwenye vumbi, akangoja. Alijua binti yule amefuata nini. Mzee Mabula naye alijua, akafumba macho. Sikujua akajua, akaanza taratibu kufungua mlango wa upande wake, kama anayetaka kushuka ili awapishe.

Kilichomvunja nguvu Emelyne kilikuwa hicho tu. Laiti mjane angebaki ametulia tu pale dirishani!

Upepo ukapita barabarani na harufu ya mvua, na matone ya kwanza, mazito, yakapiga bati la gari. Moja likamdondokea mtoto kwenye paji la uso. Akashtuka, akatafuta kwa macho ni nani amemfanyia vile, akamwona Emelyne.

Emelyne alifika akihema. Alisimama mbele ya Malale karibu kabisa, mpaka akaona vumbi kwenye kope zake. Akafumbua mdomo aseme baki. Mkono wake ukapita pembeni ya Malale, ukaingia dirishani, ukaitandaza ile kanga juu ya kichwa cha mtoto, ukaikunja vizuri shingoni.

"Mfunikeni," akasikia sauti yake ikisema. "Mfunikeni vizuri, mvua itawakuta njiani."

Alingoja lile neno jingine lije. Malale naye aliling'ang'ania kwa macho, akiwa na tabasamu ambalo lilikuwa bado halijaarifiwa. Dereva akapiga honi. Mvua ikaongezeka, watu wakaanza kukimbia wakifunika bidhaa zao, na wale wawili wakabaki wamesimama wanaloana, mpaka lile tabasamu likaanza kuzimika, kwanza midomoni, mwisho kabisa machoni.

"Haya," Malale akasema.

Akapanda. Mlango ukaburuzwa, ukafunga.